Tuko wawili, wanatuvamia wanne: tunajiokoaje Pochinki?

Kaka wa Mtwara:
Habari zenu wakuu. Nacheza PUBG Mobile, ule mchezo wa vita wa kwenye simu, na mdogo wangu. Mimi niko Mtwara kikazi, yeye yuko chuo Mwanza, na saa tatu usiku ndiyo nafasi yetu ya kusikiana. Zamani tulikuwa wanne. Mmoja kaoa, mwingine kaibiwa simu. Sasa tunaingia skwodi, yaani mechi za timu za watu wannewanne, tukiwa wawili.

Jana tulishuka Pochinki, mji mmoja kwenye ramani ya mchezo, tukajibanza kwenye nyumba ya ghorofa, mimi juu dirishani, dogo chini mlangoni. Nikasikia hatua kwenye hedifoni, nikadhani ni mtu mmoja. Kumbe wote wanne: moshi mlangoni, guruneti dirishani, wakaingia kwa mkupuo. Dogo akaanguka. Nikakimbilia ngazi nikamwinue kabla hajafa kabisa, nikakutana na bunduki tatu. Hata risasi tano sikutoa. Dogo akanyamaza kwenye maiki, nikajua imemuuma. Wiki nzima ni hivyohivyo. Mkizidiwa idadi mnafanyaje?

Bando Limeisha:
Si mcheze mechi za wawiliwawili tu mkuu?

Kaka wa Mtwara:
Tunacheza. Ila wenzake wa chuo wote wako skwodi, na anatamani sana tuziweze.

Mwalimu wa Hesabu:
Mdogo wangu, nipo kwenye mchezo huu tangu 2018, na hilo limenitesa sana. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alilipigia hesabu mwaka 1916: watu wakipigana kwa silaha za mbali, na kila mmoja anaweza kumlenga yeyote, nguvu ya kundi hufuata kipeo cha pili cha idadi. Wanne ni 16, wawili ni 4. Kumbe hamkuzidiwa mara mbili, mlizidiwa mara nne.

Na kwa kukaa mmoja juu mmoja chini, mliwapa 16 kwa 1, mara mbili mfululizo. Hapo ndipo mlipoumia.

Kaeni wote juu, macho kwenye ngazi. Ni nyembamba, lazima wapande mmojammoja, na kila anayetokeza anakuta bunduki mbili. Wa kwanza akianguka msimmalize. Mwenzake atachuchumaa kama sekunde 10 kumwinua, kwa hiyo mmewapunguza wawili kwa risasi za mmoja. Guruneti hulipuka sekunde 5 hivi baada ya kuvuta pini: ishikilie, hesabu mpaka tatu, ndipo uidondoshe ngazini. Kisha rukeni dirishani mwondoke. Msirudi kupekua mizigo yao, tafadhali.

Bi Likoni:
Na kwani lazima Pochinki? Iko katikati ya ramani ya Erangel, bunduki ikilia tu skwodi nyingine yaja. Mie na binamu yangu twashuka pembeni, twasubiri makundi mawili yamalizane, twaingia waliobaki wakijitibu.

Kaka wa Mtwara:
Shikamoo mwalimu. Nimemsomea dogo maneno yako, jana tukakaa juu wote. Wa kwanza kaanguka katikati ya ngazi, dogo ananong'ona, "usimmalize, usimmalize." Wa pili akachuchumaa. Nikahesabu tatu, nikaidondosha, wakaenda wote wawili. Tukaruka dirishani, tukakimbia hadi kwenye nyasi ndefu, mikono inanitetemeka. Tumemaliza nafasi ya saba. Bi Likoni, leo tunashuka pembeni. Dogo ameshanitumia ujumbe tangu asubuhi, anauliza kama nimechaji simu.