Tuuze nusu ya parseli (kiwanja) ili msichana asome labo (maabara)?

Mwanzisha mada, Kampemba

Wandugu wa Lubumbashi, salamu. Matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yakishatoka na pudra ikishamwagwa vichwani, swali linalobaki nyumbani ni nani atalipa ISTM, chuo cha ufundi wa tiba. Kwetu mtoto wa miaka 18 haendi banki kuomba mkopo wa masomo akapewa. Deni lipo, ila limejificha ndani ya ukoo: mama ameomba zamu yake ya likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa) mapema, baba amekwenda kwa Lambere (mkopesha riba wa mtaani), kaka mkubwa ameacha mwaka wa pili ili mdogo wake aanze wa kwanza.

Kesi yenyewe ni ya binti wa dada yangu. Baba yake anataka kuuza nusu ya parseli yao ya Katuba, upande wenye vyumba viwili vya kupangisha. Msichana anataka labo, na ana kichwa, hilo halibishaniwi. Ukoo umegawanyika, na mimi kama mjomba nitatakiwa kusema neno.

Msimamo wangu huu hapa, mnipinge: tunahesabu vibaya. Tunauliza laborantini anapata ngapi kwa mwezi. Tungeuliza atakaa muda gani kati ya kolasio (sherehe ya kupewa diploma) na pesa ya kwanza inayoeleweka. Hospitali ya serikali, iwe Sendwe iwe santre ya afya ya mtaani, mtu hulipwa kwa njia tatu: mshahara wa msingi wa serikali, prime (posho) ya risiki, na prime lokale inayotoka kwenye mapato ya wagonjwa. Anayeanza kazi hana mbili za kwanza mpaka apate matrikile (namba ya mtumishi) na jina lake liingie kwenye listi ya malipo. Wapo wenye wajukuu ambao bado wanaitwa “watumishi wapya”. Kwa muda wote huo unakula prime lokale, nayo inategemea kama mgonjwa amelipa au ametoka usiku kupitia dirishani.

Sasa weka deni juu ya kungoja huko. Chukua mfano tu: minervali (karo), staji, bluzi nyeupe, silabi (maandishi ya kozi), teksi, kuchapisha TFC (kazi ya kumaliza masomo), tuseme dola 800 kwa mwaka. Miaka mitatu ni 2,400. Kama zimetoka kwenye biashara ya mama, deni ni 2,400 na linaweza kusubiri. Lambere hasubiri. Ukichukua 100 anataka 130 mwisho wa mwezi. Usipolipa, riba ikazaa riba, baada ya miezi 12 zile 100 zimekuwa zaidi ya 2,300. Dola mia moja peke yake inakaribia bei ya masomo yote!

Kwa hiyo nasema: labo sawa, Lambere hapana, parseli hapana. Semeni.

Laborantini, Katuba

Bandugu, muache kutisha batoto. Miye sina matrikile, lakini ninakula. Dispanseri tatu: asubui Katuba, midi Kenya (komini yetu ya Lubumbashi, hapana inchi), mangaribi Ruashi. Kila mugonjwa wa homa banamutuma kwangu kwanza, bile hakuna dawa bila kupima malaria. Pesa ni kidogo kidogo, lakini ni ya kila siku. Mwenye kungojea Etat (serikali) njo atakufa na njaa.

Enfirmie A2, njia ya Likasi

Laborantini anasema kweli lakini amesahau kusema mikroskopi ni ya nani. Dispanseri ikifungwa, naye anafungwa nayo, na zinafungwa kila siku: kodi ya nyumba, inspeksheni, mwenye nayo amehamia Kolwezi.

Mimi nilitoka ITM (sekondari ya tiba) na A2 yangu (diploma ya sekondari), nikaanza kazi nikiwa mdogo, sasa ndiyo najilipia masomo ya juu mwenyewe. Nadaiwa na nani? Hakuna. Wakubwa wanatudharau, “A2 huyo”, lakini mwisho wa mwezi hakuna shangazi anayenipigia simu kuniuliza ile pesa yake. Halafu mjue, mshahara wa msingi wa serikali hufuata gradi. Haujali kama ulisoma labo au radiologia. Anayemwambia mtoto kwamba filiere fulani “inalipa” serikalini anamdanganya. Tofauti iko nje ya serikali.

Na jambo la LMD, ule mfumo wa vyuo wa lisansi, masta na udaktari. Tangu ianze mwaka 2021-2022, mtoto anamaliza lisansi kwa miaka mitatu, miaka ileile ya gradua wa zamani. Huko kwenye ofisi za kuajiri bado wanaandika “tunatafuta A1” (gradua), “tunatafuta A0” (lisansi ya zamani). Muulizeni mwajiri kwanza atamweka wapi, kabla hamjaenda kwa mnunuzi wa parseli.

Kinezi, Kamalondo

Kama tofauti iko nje ya serikali, basi ulizeni kazi gani unaweza kuianza bila mashine ya mtu. Radiologia ni kazi nzuri, lakini mashine ni ya tajiri na umeme ni wa SNEL, shirika la serikali. Labo angalau uwe na mikroskopi na vitendanishi visivyoharibika kwa joto. Mimi kinezi, mtu wa fiziotherapia, nina mkeka, mpira, mikanda ya elastiki na mikono yangu. Naenda nyumbani kwa mgonjwa: mzee aliyepooza upande mmoja, mchimbaji aliyeangukiwa na udongo, kijana aliyevunjika mguu kwenye pikipiki ya manseba (teksi ya pikipiki). Wa mwisho hao hawaishi, barabara zetu mnazijua.

Ubaya wake? Mtu akiweza kuinua mkono mpaka kwenye kikombe anaona amepona, hakuiti tena. Umepanga vikao 20, umelipwa vitano. Na familia nyingi bado zinadhani kinezi ni kukandwa, hiyo hata bibi anaweza kufanya bure.

Yaya (ndugu mkubwa) aliye Marekani

Nawasoma kutoka mbali. Naongeza jambo moja kwa sababu najua kuna watakaosema “amalize halafu aje huku”.

Huku kinezi ni udaktari wa miaka mitatu juu ya shahada ya kwanza. Mshahara wa kati uko karibu dola 100,000 kwa mwaka, ni kweli. Lakini deni nalo si mchezo, na sheria imebadilika. Ile iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inafunga mkopo wa serikali unaoitwa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Wanaosoma juu ya shahada ya kwanza watakopa serikalini hadi 20,500 kwa mwaka, jumla 100,000. Kozi zinazohesabiwa za kitaaluma kamili, kama udaktari wa binadamu na sheria, ni 50,000 kwa mwaka, jumla 200,000. Mapendekezo ya wizara ya elimu yaliwaacha wauguzi na makinezi nje ya kundi hilo la pili, ndiyo maana vyama vyao vimekuja juu.

Hata hivyo wanafunzi wa huku nawaonea wivu kidogo. Mkopo una jina la mwanafunzi, na kuna mipango ya kulipa kulingana na mapato. Usipokuwa na kazi, wanakudai kidogo. Deni la nyumbani kwetu halijui kama una kazi au huna.

Na diploma ya Lubumbashi haitoki kwenye ndege ikaanza kazi. Inakaguliwa, unafanya mtihani wa leseni, wengine wanarudia masomo. Msimhesabie msichana dola za huku.

Mzee wa Gécamines, Ruashi

Watoto wangu, mimi naongea parseli tu. Sisi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, tulisomeshewa watoto na kampuni, tukatibiwa na kampuni, unga ukaletwa na kampuni. Tukaona mshahara ni kitu cha milele. Kisha miezi ikawa inapita bila malipo. Mwaka 2003 wakaja na ile oparesheni ya kuondoka kwa hiari, Banki ya Dunia ikilipa, tukatoka watu zaidi ya 10,000. Hiari gani, na njaa iko mlangoni!

Wenzangu walionunua gari kwa ile pesa, gari ziko wapi? Aliyebaki na nyumba ya kupangisha bado anakula bukari (ugali). Huyo baba anataka kubadilisha kodi ya kila mwezi kwa mshahara ambao hajauona. Siku hizi hata polikliniki za migodi zinaajiri kupitia kampuni za sutretansi (zinazopewa kazi na migodi), kontra ya miezi michache, kisha wanakuambia ungoje simu.

Mama wa Kenya

Shikamoo Mzee. Parseli isiuzwe, nakubali. Lakini nyinyi wanaume mmezunguka sana bila kumgusa msichana mwenyewe. Mimi ni mkunga. Nilisomeshwa na ukoo, na baada ya hapo nimesomesha wadogo wanne, nimezika, nimeoza, nimelipa hospitali za watu nisiowajua majina. Kila nikikataa naambiwa: “tulikusomesha”. Hakuna anayeweza kuniambia deni lilikuwa kiasi gani na mimi nimefikisha wapi. Kwa Lambere angalau kuna daftari.

Na akiolewa? Upande wa baba utasema mkwe alipe kwenye mahari, upande wa mume utasema mshahara wake ni wetu. Atalipa mara mbili.

Ushauri wangu: andikeni. Nani ametoa nini, ni zawadi au ni mkopo, na ikiwa mkopo, malipo yaanze akishapata pesa kamili, si siku ya kolasio.

Mwanzisha mada, Kampemba

Nimewasoma wote. Kwenye kikao nitasema hivi: parseli ibaki, kodi ya vile vyumba viwili iende kwenye minervali kwa transhi (awamu), na baba mtu asiende kwa Lambere hata kwa pesa ya staji. Msichana aombe staji kwenye labo ya hospitali kubwa na pia kwenye dispanseri moja, ajue kazi ya pande zote mbili kabla hajamaliza. Hoja ya enfirmie kwamba aanze na A2 siikubali: huyu amekwisha kupata diploma ya serikali kwenye sayansi, kumrudisha ITM ni kumpotezea miaka.

Kuandika ndiko kunakonishinda. Mama, ndugu kwa ndugu kuwekeana karatasi? Watasema namuona dada yangu kama mteja.

Mama wa Kenya

Waache waseme. Na kwenye hiyo karatasi mstari wa kwanza uwe wa mjomba, atatoa kiasi gani. Nimesoma mada yote, hiyo sijaiona.