Re: Nimepewa skii za mtumba, nizikague vipi?

Habari zenu ndugu. Mwenzangu kazini anahama, ameniachia skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, na buti zake. Juu pameandikwa 121-74-105, kisha R 14. Nikizibananisha chini kwa chini, ncha na mikia zinagusana ila katikati pana mwanya. Zimepinda?

---

Dada, hazijapinda, zimeundwa hivyo. Ukiilaza skii sakafuni, kiuno kinainuka kama upinde. Ukiikanyaga, uzito wako unaulaza ule upinde na nguvu inasambaa hadi nchani na mkiani, ndipo kingo za chuma zinashika theluji urefu wote. Ningekuwa na wasiwasi kama mwanya usingekuwapo. Kuna nyingine hupindwa juu mapema mbele, wanaziita roka, hizo ni za kuelea kwenye theluji laini.

Nambari ni upana kwa milimita: mbele, kiuno, mkia. Kwa sababu kiuno ni chembamba, ubavu una mkunjo. Urefushe mkunjo huo uwe duara kamili, na nusu kipenyo chake ni mita 14, ndiyo R yako. R ikiwa ndogo, skii hupenda kona fupi. Kabla ya miaka ya 1990 zilikuwa karibu zimenyooka, na kuzigeuza ilikuwa kazi ya miguu haswa! Kiuno cha 74 kinafaa njia zilizosindiliwa na mashine. Kwenye theluji ya kina utazama.

Kutu kidogo kwenye kingo si neno, inasuguliwa. Sehemu ya chini ikiwa imepauka, inadai nta.

---

Naongezea, maana kaka hapo juu ameruka kifungio, kile kinachoshika buti kwenye skii, na ndicho kinachovunja watu. Kazi yake ni kuliachia buti unapoanguka. Kile kipimo chenye nambari, DIN, kinachoonyesha kifungio kimekazwa kiasi gani, hupangwa kwa uzito, kimo, umri, uzoefu na urefu wa soli. Mimi nilikaza changu kwa bisibisi, nikijiona fundi. Nilianguka, buti halikutoka, goti likaniuma miezi miwili. Mpelekee fundi skii pamoja na buti, naye akikwambia kifungio kimezeeka mno, usibishane.

---

Asanteni sana. Urefu wa soli nautazama wapi?

---

Ubavuni mwa buti, karibu na kisigino. Ni nambari ya tarakimu tatu, kama 305. Hizo ni milimita, si saizi ya kiatu.