Mrejesho: Ukoka wangu chini ya mkungu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ndiye yule wa Malindi niliyeuliza kwa nini ukoka wa uani unageuka manjano na kufa mabaka mabaka chini ya mti wa mkungu, nikidhani ni chumvi ya bahari. Wengi mlinijibu: ondoa majani yaliyoanguka. Nimefanya, na nawashukuru kwa moyo wote.

Kweli tatizo lilikuwa majani. Ya mkungu ni mapana na magumu, hayaozi upesi kama ya mwarobaini. Nilipoyafunua baada ya mvua za vuli, chini kulikuwa na unyevu, uvundo na utando mweupe wa ukungu. Nyasi zilikosa jua na hewa. Sasa nayakusanya kila baada ya siku mbili, yakiwa makavu. Nilianza na reki ya chuma, ikang'oa ukoka uliokwisha dhoofika, nikarudi kwenye fagio la chelewa. Kwa nyasi zilizo dhaifu, hilo ndilo ningemshauri mtu yeyote.

Sikuyachoma. Nayarundika pembeni pamoja na samadi ya mbuzi yawe mboji, mengine nimeyatandaza kwenye mashina ya migomba. Yakibaki machache, nayapitishia mashine ya kukata nyasi, yanasagika na kurutubisha udongo.

Wiki ya sita hii, ukoka umetambaa na kufunika karibu mabaka yote. Pale kando ya shina bado pako wazi, kivuli ni kizito mno. Nitapunguza matawi kabla ya masika.