Gumzo la Ukoo: mbegu za waridi la jangwa

Rehema 7:12
Za asubuhi wapendwa. Yale mapembe ya waridi la jangwa yamepasuka jana jioni, bahati niliyafunga uzi mapema la sivyo upepo ungezibeba mbegu zote, si mnajua zina manyoya huku na huku. Nani anachukua? Mbegu ikiwa mpya ndo inaota, ikikaa sana inapoteza nguvu. Majibu LEO

Rehema 9:40
Jamani tiki za bluu nazionaa

Juma 9:58
mi nilidhani mapembe ya mbuzi 😂😂

Rehema 10:01
Juma acha utani. Mchanga mwingi udongo kidogo, chombo kiwe na matundu chini, mbegu unailaza haisimamishwi, unaifunika kidogo tu afu unaweka penye joto. Siku 3 mpaka 7 inachomoza

Halima 11:20
Kwani tusikate tawi tukachomeka tu?

Rehema 11:22
Tawi linashika ila lile shina nono la chini mara nyingi hulipati, kitumbo kile ni cha mbegu

Juma 11:23
kitumbo ninacho tayari

Salma 11:41
Mi niwekee nyekundu

Rehema 11:43
Rangi huchagui kwenye mbegu Salma, mama pinki mtoto anaweza kuja vingine kabisa. Utajua likitoa ua, mwaka mmoja miwili hivi

Juma 11:44
kama ukoo huu 🤣

Kassim 12:30
Na safari hii asipewe yule wa kumwagilia asubuhi na jioni mpaka miche ikalainika shingo ikalala. Jina sitaji

Halima 12:31
Umeanza. Na ule mti wa Bibi uliokatwa nani alishika panga? Tumenyamaza tu

Kassim 12:33
Ulikuwa unaziba njia!!

Halima 12:33
Si ungepogoa

Rehema 12:35
Tusirudi huko. NANI ANACHUKUA

Juma 12:36
_Ujumbe huu umefutwa_

Salma 12:36
Juma umefuta nini 😂😂

Bibi 15:07
Nimesoma yote. Utomvu wa mti ule ni sumu watu wa kale walipaka mishale. Hapa kuna watoto wanatia kila kitu mdomoni kwa hiyo chombo kikae juu wasikofika na anayepogoa anawe mikono. Kassim ataotesha mmoja aurudishe palepale alipokata.

Kassim 15:30
Sawa Bibi

Halima 15:31
🙏

Rehema 15:34
Tumekusikia Bibi. Haya Kassim unakuja lini kuchukua? Maji usizidishe, udongo uwe na unyevu tu, miche ikishapata nguvu unauacha ukauke kidogo ndo unamwagilia tena

Rehema 18:05
Kassim?

Salma 19:15
Kwa hiyo nyekundu hazipo?

Rehema 19:16
Salma umesoma kweli nilichoandika

Idi 22:48
Ndo nashika simu. Mi nitapitia kesho au keshokutwa nichukue chache ila nina ndoo tu haina matundu

Rehema 22:49
Itoboe