Tupeane uzoefu: nyumba ya likizo ya bei poa inayopokea mbwa, unafikia hapo na kuzunguka

Wadau, mada ni hii. Unatafuta nyumba ndogo ya kupanga kwa wiki moja (ile ya kuta na paa, msije mkanihamishia mada), unakwenda na mbwa, unalala hapo hapo siku zote na kila asubuhi unatoka kutembelea upande mwingine. Isiwe ghali. Wajuzi mwageni hapa: mtu aanzie wapi, aulize nini, na pesa huvujia wapi.

#2
Anza na masharti ya nyumba, bei itafuata. "Mbwa wanaruhusiwa" ni maneno matupu mpaka ujue hili: anaruhusiwa kubaki ndani peke yake? Nyumba nyingi zinakataa, na si roho mbaya. Mbwa akiachwa mahali asipopajua hubweka, hukwangua mlango, hukojoa. Sasa wewe mwenye nia ya kuzunguka, sharti hilo linakubana kuliko lolote, maana makumbusho hayamuingizi na garini humuachi. Nje kukiwa nyuzi 21 tu, gari lililofungwa hufika kama nyuzi 32 ndani ya dakika 10 na 40 ndani ya nusu saa. Kushusha kioo kidogo hakusaidii chochote cha maana.

Kwa hiyo zimebaki njia tatu: nyumba inayokubali aachwe saa chache kwenye kizimba alichokizoea, mtu wa karibu anayelea mbwa kwa kutwa, au ratiba ya sehemu za wazi tupu. Amua hilo kwanza ndipo ufungue tovuti. Mengine ya kuuliza: idadi ya mbwa, uzito, aina, vyumba asivyoruhusiwa, na kama anaweza kupanda makochi.

#3
Tozo ya mbwa ndipo watu wanapopigwa. Kuna inayotozwa kwa kila mbwa kila usiku, kuna ya kila mbwa kwa safari nzima, na kuna ya mara moja bila kujali idadi. Ukiwa na mbwa 2 kwa usiku 7, mtindo wa kwanza unalipa tozo 14, wa pili 2, wa tatu 1. Nyumba iliyoonekana rahisi kwenye orodha inaweza kuwa ya mwisho ukishajumlisha. Ongeza ada ya usafi, kisha gawa kwa usiku 7 ndiyo ulinganishe. Dhamana iweke pembeni, lakini uliza inarudi baada ya siku ngapi na inakatwa kwa lipi.

Halafu mafuta. Nyumba ikiwa kilomita 40 mbali zaidi na unakotembelea, hiyo ni 80 kwenda na kurudi, mara siku 6 ni 480. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 litameza lita 38 na ushee, na punguzo la pango linaweza kuishia hapo. Weka alama kwenye ramani kila unakotaka kwenda, kisha tafuta nyumba karibu na njia panda, usidanganywe na katikati ya ramani. Ziwa au mlima ukiwa hapo katikati, kilomita 15 za macho ni saa nzima ya usukani. Pima muda. Saa moja kwenda iwe mwisho.

#4
"Bustani ina uzio" nayo isikulaze usingizi. Omba picha za geti na za kona zote, na zipigwe usawa wa magoti, kwa sababu tatizo huwa chini. Mwanya wa sentimita 10 chini ya geti unamtosha mbwa mdogo. Ua wa miti unaweza kusongamana juu huku chini kweupe kabisa. Mita 1.2 inamtosha mbwa mtulivu. Mrukaji anataka 1.8, na hata hapo angalia kilichoegemezwa kwenye uzio, maana rundo la kuni au benchi ni ngazi tosha. Komeo la kunyanyua, mbwa mrefu analifungua kwa pua. Beba karabina moja (kipete cha chuma chenye kifungo, kama cha wapanda milima) ya kulibana, na wavu wa plastiki mita 2 wa kuziba mianya, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Picha ya setilaiti nayo haidanganyi sana: utaona barabara kuu ilipo na kama jirani anafuga. Kukiwa na mifugo, mbwa ni wa kamba muda wote.

#5
Bei hushuka likizo za shule zikiisha. Tena wiki iliyobaki wazi zikiwa zimesalia siku 10 hadi 14, mwenye nyumba huwa anaongeleka. Ila ukiwa na mbwa 3 au jitu la kilo 50 usicheze mchezo huo. Nyumba za kukupokea ni chache, lipia mapema. Na kichujio cha "mbwa" kwenye tovuti kikileta nyumba tano tu, kiondoe uulize mmoja mmoja, ukitaja umri, uzito na tabia. Wapo wanaokubali wakiombwa vizuri. Jibu liwe la maandishi.

#6
Nakazia #5. Usimfiche mbwa ili ukwepe tozo. Nywele zitakutaja, na ukikamatwa unaweza kutolewa bila kurudishiwa hata senti.

#7
Siku ya kufika, mmoja ashike mbwa nje dakika 10, mwingine akague: chini ya sinki, nyuma ya friji, stoo. Unatafuta sumu ya panya, chambo chenye sumu cha kuulia konokono, na maji ya kupozea injini yaliyomwagika. Yale yana ladha tamu na kiasi kidogo tu kinaua. Piga video ya kila chumba. Kisha mzungushe mbwa na kamba uani mpaka akojoe, ndiyo aingie. Tandiko lake lije bila kufuliwa, harufu yake inamtuliza. Kwenye kola iwekwe namba inayopatikana huko mliko, na namba ya daktari wa mifugo anayefungua usiku uwe nayo kabla ya kuondoka nyumbani.

#8
Dhamana inaliwa na vitu viwili, nywele na mkojo.

Nywele: vaa glovu ya mpira, ilowanishe kidogo, pitisha kwenye kochi uelekeo mmoja tu. Zinajiviringa kama kamba, unaokota kwa vidole. Mashine ya kufyonza vumbi ije baadaye. Mashuka yakung'utwe nje kabla ya kufuliwa, la sivyo kichujio cha mashine kinaziba.

Mkojo kwenye zulia: usisugue. Weka taulo kavu, simama juu yake, badilisha mpaka litoke kavu. Maji baridi, kausha tena, kisha dawa ya vimeng'enya (enzyme, zinazovunja mkojo wenyewe) ikae muda ulioandikwa kwenye chupa. Dawa yenye amonia kwa pua ya mbwa inafanana na mkojo, atarudi hapo hapo. Klorini juu ya mkojo inatoa hewa ya sumu. Na mvuke wa moto unaigandisha harufu.

#9
Swali, vipi jike aliye kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume?

#10
Mwambie mwenye nyumba mapema, wengi hawapokei: damu kwenye mazulia, na madume ya jirani yanakesha getini. Joto huchukua kama wiki 3 na wengi hurudia kila baada ya miezi 6 hivi. Hesabu kutoka la mwisho. Tarehe zikigongana, sogeza safari wiki 4 mbele kabla hujalipa malipo ya awali.