Nyumba inaungua, zimamoto wanafunga mikanda?

Mkata_Zabibu: Wakuu, salaam. Juzi huku Nkuhungu chumba cha mpangaji kimewaka, godoro na kochi. Tukapiga 114, gari likaja. Vijana wakashuka na makoti yale mazito, mmoja akapiga goti mlangoni anakaza mikanda ya barakoa, anavuta glavu taratibu kama bwana harusi. Jua la saa nane, watu wanafoka "ingieni!" Nusura warushiwe mawe. Hivi kwa chumba kimoja, vyote vile vya nini?

Mzee_wa_Bomba: Kijana, nimeshika bomba miaka mingi, sasa nalima alizeti Kongwa. Hakuna aliyekuwa anajiremba pale. Sponji la kochi likiungua linatoa kaboni monoksidi na sianidi. Pumzi chache tu magoti yanalegea, na wewe uliyekuja kuokoa unakuwa wa kuokolewa. Moto wa chumbani ukikolea, hewa ya juu kule darini hufika nyuzi 600 hivi, halafu kila kitu kinalipuka kwa mpigo. Koti lina matabaka matatu: la nje la miali, la kati la maji na mvuke, la ndani la kuchelewesha joto. Kuchelewesha tu, usidhani linalizuia.

Mimi nililipia kwa sikio hili la kushoto. Banda la magodoro liliwaka, nikaiacha ile kofia ya kitambaa ya kufunika shingo na masikio, naona inanipotezea muda. Helmeti ninayo, barakoa ninayo, katikati pamebaki uwazi wa vidole viwili. Wala sikuona moto. Nilihisi kama mtu kanibandika pasi. Likavimba kama kitumbua, wiki mbili nalalia ubavu mmoja. Mke wangu alianza kwa kucheka, kulia kukaja baadaye.

Fundi_Ipagala: Sawa mzee, ila kwa joto letu la Novemba, na mtungi wa oksijeni mgongoni?

Mzee_wa_Bomba: Si oksijeni, ni hewa hii hii imeshindiliwa. Uingie motoni na oksijeni? Joto ni kweli: ukivaa vyote umebeba zaidi ya kilo 20, jasho linatuama kwenye buti. Ndiyo maana tulikuwa tunapokezana, ukitoka unavua, unakunywa maji. Anayenikera ni yule anayevua barakoa moto ukizimika tu. Vifusi vinafuka, sumu bado ipo.

Mama_Pacha: Mzee wangu, shikamoo. Umesahau masizi. Mume wangu ni zimamoto, zamani alikuwa anarudi na koti linanuka moshi, wanawe wanalirukia. Mwaka 2022 shirika la WHO la utafiti wa saratani likaiweka kazi yao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Nikapiga marufuku. Koti linalala kazini, na yeye anapitia bafuni kwanza ndipo abebe mtoto.

Mkata_Zabibu: Shukrani mzee, shukrani dada. Nimempa simu mama mwenye nyumba asome. Kasoma mpaka mwisho, akauliza godoro lililolowa atalipwa na nani.