Filamu huchota nini kwenye visasili: majina na mazimwi, au mpango wa mkasa?

Juma wa Skripti

Wakuu, kwema? Kila filamu ikivuma utasikia hii ni Odyssey, ile ni Orpheus, nyingine Achilles. Naomba wanaojua wanieleze kwa vitendo: mwandishi akikiendea kisasili cha Wayunani, anachota nini hasa? Majina? Mazimwi? Au kuna kitu ndani ya mpango wa mkasa?

Ninachoandika: baharia wa Tanga amepotea miaka mingi, amekwama Muscat, anarudi na kukuta mkewe anaposwa. Nimefuata Odyssey, utenzi wa Wayunani kuhusu Odysseus anayerudi kwao Ithaca baada ya vita vya Troia. Skripti ina kurasa 100: safari ya kurudi imekula 85, kufika nyumbani hadi mwisho ni 15. Walioisoma wanasema vituko vya njiani vinanoga ila mwisho haugusi. Kosa liko wapi?

Kamba ya Upinde

Kosa ni hizo 85 na 15. Odyssey ina vitabu 24. Katika vinne vya kwanza Odysseus haonekani. Tunaye mwanawe Telemachus, na nyumba iliyojaa wanaume wanaochinja mifugo ya watu huku wakimngoja Penelope, mke wa Odysseus, akubali kuolewa. Odysseus mwenyewe anatokea kitabu cha 5, amekaa ufukweni kwa Calypso, mungu wa kike anayemzuia kisiwani, analia. Yale mazimwi ambayo kila mtu huyakumbuka yamo kwenye kitabu cha 9 mpaka cha 12 tu, tena anayasimulia mwenyewe akiwa ugenini. Kitabu cha 13 ameshashushwa Ithaca, kalala usingizi mchangani. Kwa hiyo mtu aliyekuwa nje miaka 20 (10 ya vita, 10 ya kurudi, na 7 kati ya hiyo kwa Calypso) anatumia karibu nusu ya utenzi akiwa kwao, amejifanya ombaomba.

Mtunzi alikuwa na sababu. Mkasa huu hausukumwi na swali la kama atafika. Unasukumwa na nani atamtambua, lini, kwa ishara gani. Fuata mpangilio wake. Mwana anaambiwa, kitabu cha 16. Mbwa Argos anamtambua bila kuambiwa, anatikisa mkia, anakufa, kitabu cha 17. Yaya anamwosha miguu, mkono unakuta kovu, cha 19. Wachungaji wawili wanaonyeshwa kovu hilohilo, cha 21. Wachumba wanamjua upinde ukiwa tayari mkononi mwake, cha 22. Mke anangoja mpaka cha 23, na yeye haamini kovu. Anamtega: anaamuru kitanda kitolewe nje ya chumba. Odysseus anawaka, kwa sababu kitanda kile alikitengeneza kwenye shina la mzeituni ambalo bado lina mizizi ardhini, hakiwezi kusogezwa bila kukatwa. Hasira ile ndiyo kitambulisho. Baba mzee Laertes ndiye wa mwisho, naye anatajiwa miti ya shambani aliyompa mwanawe utotoni.

Kila mtu ana ishara yake, na ishara hiyo inatoka kwenye uhusiano wa hao wawili. Hicho ndicho cha kuchota.

Kwa skripti yako: mfikishe baharia Tanga ukurasa wa 45, usivuke 50. Vituko vya njiani bakisha vitatu, na kimoja kati ya hivyo akisimulie kwa uongo, maana Odysseus akifika Ithaca anamdanganya karibu kila anayekutana naye, hata mungu wa kike Athena. Kisha andika orodha ya watu watano wanaomjua na mbele ya kila mmoja kitu ambacho ni wao wawili tu wanakijua. Usipopata kitu cha mke, acha kuandika sini nyingine yoyote hadi ukipate.

Mfano wa filamu iliyofanya hivi vizuri ni O Brother, Where Art Thou? ya ndugu wa Coen, mwaka 2000. Wameihamishia Mississippi ya 1937. Mfungwa Everett anatoroka na wenzake wawili kwa kisingizio cha hazina iliyofichwa, kumbe anawahi kwa sababu mkewe Penny anataka kuolewa na mwingine. Zimwi la jicho moja limekuwa muuza Biblia mnene mwenye kiraka jichoni. Hayo ni mapambo. Kinachobeba filamu ni kwamba Everett anapanda jukwaani na ndevu za bandia na kutambuliwa kwa wimbo, na hata baada ya hapo Penny hatosheki mpaka aletewe pete yake ya ndoa. Pete inaletwa. Penny anaitazama na kusema siyo. Huo ni mtihani wa kitanda, ila safari hii mume anafeli, na ndiyo maana filamu ile inaisha bila kutulia, jambo ambalo naliona ni uamuzi wa kijasiri.

Bint Sharifu

Naunga mkono aliyetangulia. Naongeza Orpheus, mwanamuziki aliyeshuka kuzimu kumfuata mkewe Eurydice, kwa sababu kisasili chake ni kifupi kuliko vyote na kinaharibiwa kuliko vyote.

Mkasa wake ni sharti moja: utamtoa mkeo kuzimu, yeye akiwa nyuma yako, na usigeuke mpaka mmetoka. Sharti likifanya kazi lina mambo matatu. Linasemwa wazi kabla, ili mtazamaji awe mlinzi wake. Linavunjwa na sifa ileile iliyomfikisha stelingi pale. Orpheus ameshuka kwa mapenzi, anageuka kwa mapenzi. Na likivunjwa halina rufaa. Waandishi wengi wanakosea la pili: wanamfanya stelingi asahau, au adui amsukume. Hapo mtazamaji anaona ajali tu.

Tazama Orfeu Negro ya Marcel Camus, 1959, iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka huohuo. Ni Rio wakati wa kanivali. Orfeu ni dereva wa tramu na mpiga gitaa. Eurydice anafukuzwa na mtu aliyevaa vazi la Kifo, anakimbilia karakana ya tramu usiku, anajikuta amening'inia kwenye waya wa umeme. Orfeu anaingia gizani kumtafuta, anawasha umeme. Umeme huohuo ndio unaomuua. Halafu anamtafuta kwenye ofisi ya watu waliopotea, anakuta makaratasi yametapakaa sakafuni, anashuka ngazi za mzunguko, anapita mlango wenye mbwa aitwaye Cerberus, jina la mbwa mlinzi wa kuzimu ya Wayunani, anafika kwenye ibada ya pepo. Sauti ya Eurydice inamjia kutoka nyuma, inamwomba asigeuke. Anageuka, anamwona bibi kizee.

Umeona walichofanya? Kutaka kuona kumemuua mara mbili. Sharti la kuzimuni limepewa kivuli chake mapema, kwenye swichi ya umeme, kabla mtazamaji hajajua kwamba anatazama sharti. Huo ndio ufundi. Ofisi ya makaratasi kuwa kuzimu ni wazo zuri pia, ila bila ile swichi lingebaki kuwa pambo.

Mhariri Msaidizi

Mimi natofautiana kidogo. Mnaichambua hadithi moja moja, lakini filamu nyingi za Marekani hazifuati kisasili chochote mahususi, zinafuata muhtasari. Joseph Campbell, mtaalamu wa visasili, katika kitabu chake cha mwaka 1949 alipanga safari ya shujaa katika sehemu tatu, kuondoka, kujaribiwa na kurudi, zenye hatua 17. George Lucas alikisoma kitabu hicho alipokuwa akiiandika Star Wars ya 1977. Baadaye Christopher Vogler akazipunguza hatua kuwa 12 kwa ajili ya waandishi wa skripti. Kwa anayeanza, hatua 12 ni rahisi kuzishika kuliko vitabu 24.

Kamba ya Upinde

Ni rahisi, kweli, na Star Wars inathibitisha kwamba inawezekana. Lakini angalia kinachofanya kazi mle. Hatua ya "kukataa wito": stelingi Luke anaambiwa aende, anasema hawezi, kuna kazi nyumbani na mjomba anamtegemea. Anarudi, anakuta mjomba na shangazi wamechomwa. Sababu aliyoitoa ndiyo iliyoungua. Skripti nyingi zinazofuata orodha zina mhusika anayekataa ukurasa wa 15 na kukubali ukurasa wa 20 bila kitu chochote kubadilika kati ya hapo. Orodha inakuambia mahali pa kuweka tukio, haikuambii tukio lifanye nini. Ndiyo maana nasema soma kisasili chenyewe kwanza, orodha uitumie kukagua mwishoni.

Bint Sharifu

Na vilevile kisasili kikihama kinabidi kirekebishwe mahali panapovuja. Mtazame Simba wa The Lion King, 1994, ambaye hata jina lake ni la Kiswahili. Watengenezaji wake walikiri kuichota Hamlet, tamthilia ya Shakespeare. Hamlet nayo inatoka kwa Amleth, hadithi ya Denmark aliyoiandika Saxo Grammaticus karibu mwaka 1200: ami anamuua baba, anamwoa mama, kijana anajifanya mwendawazimu asiuawe. Swali gumu la mkasa huu ni moja: kwa nini kijana hachukui hatua mara moja? Amleth anajificha ndani ya wazimu. Simba hawezi kujifanya mwendawazimu kwenye katuni ya watoto, kwa hiyo ami yake Scar anamwaminisha kwamba yeye Simba ndiye aliyesababisha kifo cha baba. Hatia inafanya kazi iliyokuwa ya wazimu. Wamebadilisha kipuri, mashine inaendelea kuzunguka.

Juma wa Skripti

Nimeelewa, nashukuru sana. Nimeshapata kitu cha mke, kinahusu namna ya kufunga mlango wa uani. Swali la mwisho: kuna kosa lolote kuchanganya na chetu? Nilitaka mwana awe kama mtoto wa Fumo Liyongo.

Bint Sharifu

Usichanganye, ndugu yangu. Mwana wa Odysseus anamsaidia baba, mwana wa Liyongo anamuua baba. Ukiwatia nyumba moja, mmoja atamfuta mwenzake. Liyongo anastahili filamu yake.

Na mali iliyomo ni nyingi. Sini ya kutoroka gerezani: mama anampa kijakazi Saada mikate ampelekee Liyongo, walinzi wananyakua mizuri na kuuacha wa wishwa, ambamo tupa imefichwa. Nje ngoma ya gungu inapigwa, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa ikila pingu. Kwenye filamu sauti ya tupa isikike kwanza peke yake, kavu, mtazamaji aogope, ndipo ngoma ianze. Ukianza na ngoma umepoteza hofu.

Sindano ya shaba kitovuni, kitu pekee kinachoweza kumuua Liyongo, usiieleze. Filamu ya Troy ya 2004 ilitaka kuhalalisha kisigino cha Achilles, mahali pekee mwilini anapoweza kudhuriwa: anapigwa mishale kadhaa, anaing'oa ya kifuani, unabaki wa kisigino, waliomkuta wakaunda hadithi. Ni ujanja mzuri kwa filamu iliyoondoa miungu. Lakini kwa Liyongo sindano ni siri ambayo baba anamkabidhi mwana akiwa tayari amenusa kwamba mwana ametumwa. Uzito uko kwenye kukabidhi. Ukianza kueleza kwa nini shaba na kwa nini kitovu, watu watatazama sindano badala ya nyuso.

Mwisho wa Liyongo ni kama umeshapigwa picha tayari. Amechomwa, ameamka, amechukua upinde, amepiga goti karibu na kisima akiwa amevuta mshale, na amekufa vilevile. Mji mzima hauthubutu kuteka maji. Mama anaitwa ambembeleze mtu ambaye hayupo. Weka kamera upande wa wenye ndoo, mbali, usimwendee Liyongo karibu hata mara moja mpaka aanguke.